Nyota Mnyonyaji Mbele ya Tawi Letu

Mtu wa kwanza kuniletea picha ya kifua alikuwa jirani yetu mmoja, mama wa Kimwera aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga karibu na kituo cha basi. Alikuja Jumamosi asubuhi, picha ameifunga ndani ya khanga kama mtu aliyebeba kioo. Akaifungua, akaiinua mbele ya dirisha letu ili mwanga upite, na mbavu za mumewe zikaonekana zote.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia unakwenda Ulaya kusomea eksirei. Hebu nisomee hii ya baba watoto. Hospitali wananiambia nisubiri tu, nisubiri mpaka lini?"

Nikamwambia mimi si daktari, mimi nafundisha fizikia, na eksirei ninazotaka kwenda kuziangalia zinatoka kwenye nyota. Akanitazama kwa huruma.

"Nyota nazo zinapigwa picha ya kifua?"

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni akipepeta mchele. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka na mchele wote ukamwagika, na mchele wakati ule haukuwa kitu cha kumwaga. Yeye ndiye aliyeeneza habari. Alikuwa amewaambia watu wa foleni nzima ya unga kwamba binti yake anakwenda kusomea eksirei, na foleni ya unga ilikuwa inapeleka habari kwa kasi kuliko redio. Kufikia jioni nilikuwa nimeletewa picha mbili zaidi na mguu mmoja uliovimba.

Ilikuwa miaka ya sabini, na sisi tulikaa Tandika, Temeke, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo baba aliijenga kidogo kidogo alipokuwa akifanya kazi bandarini. Baba alitoka Masasi na alifariki nikiwa sekondari. Mama akanisomesha kwa cherehani. Nilipomaliza chuo kikuu nilipangiwa kufundisha shule moja ya sekondari hapo hapo Temeke, nikarudi nyumbani na vitabu vyangu na hasira zangu, maana hasira ninazo, sikatai, na mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi.

Habari za milipuko nilizipata kwa mhadhiri mmoja aliyenifundisha. Nilimtembelea wakati wa likizo, akaniambia kwamba siku za karibuni wenzetu wa ng'ambo wamegundua jambo la ajabu. Kuna sehemu angani ambazo hukaa kimya, kisha ghafla, kufumba na kufumbua, hutoa eksirei nyingi kupita kiasi. Halafu hufifia, zikanyamaza kwa saa kadhaa, kisha zikarudia. Kwa macho huwezi kuziona, na hata kwa darubini iliyowekwa juu ya mlima huwezi, kwa sababu hewa inazizuia zisifike chini. Lazima chombo kipelekwe juu ya hewa yote, kikae huko kinazunguka dunia, kiwe jicho letu.

Akaongeza kwamba chuo kimoja cha Uingereza chenye vifaa vyake ndani ya setilaiti ya namna hiyo kina nafasi ya mtu mmoja kutoka nchi zetu, mwaka mzima, kusaidia kupitia vipimo vinavyotumwa kutoka juu. Akauliza kama namjua mwalimu yeyote anayeweza kutaka. Aliuliza huku anacheka, kwa kuwa alikuwa akinijua.

Sikulala vizuri kwa wiki nzima. Nilitaka kuiona mojawapo ikilipuka. Sikuwa na sababu kubwa kuliko hiyo, na mpaka leo sioni kama sababu hiyo ilikuwa ndogo.

Lakini setilaiti ina umri wake. Hiyo ilikuwa imeshakaa juu miaka kadhaa, na mhadhiri alinieleza wazi kwamba ipo siku itashuka na kuungua hewani, na siku hiyo hakuna ajuaye. Kwa hiyo kila mwezi nitakaochelewa ulikuwa mwezi uliopungua katika maisha ya jicho lile. Mwajiri wangu aliniruhusu bila matata. Kilichobaki kilikuwa muhuri wa tawi la chama mtaani kwetu. Siku hizo mtu hakuondoka kwenda kusoma bila wananchi anaoishi nao kusema kwamba wanamfahamu na kwamba masomo yake yana faida kwa taifa. Unaanzia kwa balozi wa nyumba kumi, balozi anakufikisha tawini, tawi linakusikiliza kwenye mkutano, basi.

Balozi wetu alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, mtu wa maneno machache. Nilimkuta uani kwake, vumbi la mpingo limemjaa mikononi. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nyota na setilaiti na Uingereza. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza vumbi kwenye tindo yake.

"Mie kuelewa sijaelewa," akasema. "Lakini wewe nakujua, na mama yako namjua. Jumapili twende."

Mkutano ulifanyika mchana, baada ya kazi ya kujitolea. Tulikuwa tumechimba mtaro tangu asubuhi, wote tuna matope magotini, tukaingia ofisi ya tawi na kukaa kwenye mabenchi. Mbele alikaa mwenyekiti. Nataka nimtendee haki mtu huyu. Alikuwa kuli bandarini enzi za mkoloni, aliwahi kubeba magunia pamoja na baba yangu, na alikuwemo katika migomo wakati mgomo ulikuwa unampotezea mtu kazi na mgongo vilevile. Sauti yake ilikuwa haihitaji kipaza sauti. Alipotuambia kwamba unyonyaji utakwisha, hakuwa akikariri hotuba ya mtu, alikuwa akisema jambo alilolibeba begani. Duka la ushirika la mtaa wetu alilianzisha yeye, kwa kututembelea nyumba hadi nyumba.

"Ndugu Mwalimu," akasema, "simama uwaeleze wananchi."

Nikasimama. Nikaanza na eksirei, na mara mkono ukanyooshwa. Alikuwa yule mama wa mihogo.

"Mie nina swali. Eksirei ya hospitali imepita kifuani kwa mume wangu mpaka tukaona mbavu. Leo unatuambia inashindwa kupita hewani. Hewa na kifua, kizito kipi?"

Watu wakapiga makofi. Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, na nilifurahi kweli. Nikamwambia kifua ni chembamba, shubiri moja na kitu, lakini hewa iliyo juu yetu ni maili na maili. Ukiichukua hiyo hewa yote ukaigeuza iwe na uzito wa maji, utapata kisima cha kumzamisha mtu aliyesimama juu ya bega la mtu aliyesimama juu ya bega la mtu, na bado kuna kina. Eksirei za nyota hazina nguvu ya kuvuka kisima hicho.

"Ahaa," akasema, akakaa. "Basi tuko chini ya maji."

Mwingine akauliza chombo chenyewe kilirushiwa wapi. Nikasema kwa fahari kwamba kilirushwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini pwani ya Kenya, upande wa Malindi, na kwamba kingine kilichokitangulia, cha kwanza duniani kwa kazi hiyo, kilirushwa palepale kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Nilitegemea makofi. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa.

"Kwa manyang'au?" mtu akauliza kutoka nyuma, maana ndivyo tulivyowaita Wakenya siku hizo.

"Chombo kikishafika juu hakina mpaka," nikajibu haraka. "Kinapita juu ya Temeke kila siku, na hakijawahi kuomba pasipoti."

Mwenyekiti akacheka, na wote wakacheka. Akauliza sasa hizo nyota zinalipuka kwa nini. Hapo ndipo nilipotumia neno ambalo nililitumia kwa sababu hakukuwa na lingine bora.

Nilieleza kwamba tunavyodhani, nyota ziko mbili, zinazungukana. Moja ni ya kawaida, kubwa, imejaa gesi. Nyingine ni kongwe iliyosinyaa, ndogo ajabu, upana wake si zaidi ya kutoka hapa tulipo mpaka Tegeta, lakini uzito wake unalizidi jua. Kwa uzito huo hiyo ndogo inamvuta mwenzake. "Inamnyonya," nikasema. "Inamnyonya gesi yake polepole, inajirundikia mwilini."

Ukumbi ukaamka. Mabenchi yalilia kwa jinsi watu walivyojiinua.

"Kupe!" mtu akapaza sauti.

"Mnyonyaji wa angani!"

"Ana mirija!"

Mwenyekiti alisimama, uso umemng'aa. Nilimwona amefurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake mji wa mbali. "Endelea, Ndugu Mwalimu. Anajirundikia. Kisha?"

"Anajirundikia, anajirundikia, gesi inakandamizwa, inapata joto, mpaka inafika mahali haivumiliki."

"Inapasuka!" ukumbi mzima ukaitikia. "Inapasuka!"

"Mnasikia, wananchi?" Mwenyekiti alikuwa ameshatoa muhuri kwenye droo, ameushika mkono wa kulia, na fomu yangu iko mbele yake. "Hata mbinguni ni hivyo hivyo! Mnyonyaji ananyonya, ananyonya, mwisho wake anapasuka anakufa. Sayansi yenyewe imethibitisha. Si ndivyo, Ndugu Mwalimu?"

Kila mtu alinigeukia. Mama yangu alikuwa kwenye benchi la akina mama karibu na mlango, na nilimwona ananitikisia kichwa kwa nguvu, sema ndivyo, sema ndivyo. Muhuri ulikuwa hewani. Ndani ya mwaka huo huo ningekuwa nimekaa mbele ya vipimo kutoka juu.

Nilijua vizuri ninachotakiwa kujibu. Ila nilifikiri, nikidanganya juu ya nyota hii ili niende nikaione, nikifika nitaitazama kwa macho gani? Nilikasirika pia, nisijifanye mtakatifu. Nilikasirika kwamba ukweli wa kitu kilicho mbali namna ile unaweza kuamuliwa kwa kupigiwa makofi Tandika.

"Sivyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Sivyo vipi?"

"Inalipuka, lakini haifi. Kinachoungua ni ile gesi ya juu tu iliyojirundika. Nyota yenyewe inabaki nzima. Baada ya hapo inaanza upya kumnyonya mwenzake, na baada ya saa chache inalipuka tena. Wameiona ikirudia mara nyingi. Ndiyo maana inawezekana kuichunguza."

Mbuzi alikuwa analia nje.

"Unataka kuwaambia wananchi," mwenyekiti akasema polepole, "kwamba mnyonyaji hashindwi."

"Nazungumzia nyota, ndugu."

"Nakuuliza kama mwanangu, maana baba yako alikuwa rafiki yangu. Ungepungukiwa nini ukisema ndivyo?"

Nikautazama muhuri mkononi mwake. Akaurudisha muhuri kwenye droo, akaifunga kwa kiganja, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema suala langu limepokelewa na litaangaliwa.

Njiani mama alitembea mbele yangu, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ndiyo moja tu! Nimeshona mashati ya watu mpaka macho yamenitoka, wewe unashindwa kusema ndiyo moja! Babako naye alikuwaga hivyo hivyo, akishasema gunia limepasuka limepasuka, hata msimamizi amwambie ni zima. Wakamkata mshahara."

"Na gunia lilikuwa limepasuka?"

"Lilikuwa limepasuka," mama akasema, akaingia ndani, akaanza kupiga cherehani kwa fujo.

Nafasi ya mwaka ule ilikwenda. Mhadhiri alinifikishia habari kwamba chuo kile kitaendelea kupokea mtu mradi chombo bado kiko juu. Nikaamua sihami, silii, na sitamfuata mtu nyumbani kumbembeleza. Ila kila mkutano wa tawi nitakuwepo. Mkutano ulikuwa na utaratibu wake, na mwisho wa ajenda zote huwa kuna mengineyo, ambapo mwanachama yeyote ana haki ya kusimama. Basi nilikuwa nasimama.

"Mengineyo," mwenyekiti akisema, mkono wangu uko juu. "Ndugu Mwenyekiti, suala langu la masomo."

"Linaangaliwa."

"Ahsante, Ndugu Mwenyekiti."

Nakaa. Mwezi unaofuata hivyo hivyo. Watu walianza kucheka kabla sijanyanyuka, wakaniita Mwalimu Mengineyo, na wanafunzi wangu wakalisikia, wakaliandika ubaoni nikakuta. Sikulifuta. Jumapili nilichimba mtaro pamoja na wenzangu, na siku mbili kwa wiki nilifundisha kisomo cha watu wazima katika ofisi ile ile ya tawi. Yule mama wa mihogo alikuwa mwanafunzi wangu wa benchi la mbele. Mumewe alikuwa amepata nafuu kwa dawa za hospitali, wala si kwa usomaji wangu, lakini alishikilia kunishukuru. Kila akinikuta ananiuliza, "Chombo chako bado hakijaanguka?" Nami najibu bado, nikiomba kimoyomoyo liwe jibu la kweli.

Kisha vita vikaja, na baada ya vita njaa ya vitu vyote. Sabuni ikawa hadithi. Duka la ushirika la mtaa likipata sukari asubuhi, ikifika saa nne limeshafungwa, wanasema imekwisha, na foleni iko palepale. Watu walinong'ona kwamba mifuko inatokea mlango wa nyuma. Mwenyekiti hakukubali. Alisema hayo ni maneno ya walanguzi. Lakini siku moja akaenda mwenyewe, akasimama uchochoroni nyuma ya duka, akawakuta wajumbe wa kamati aliowachagua yeye wanapakia sukari kwenye mkokoteni. Aliwafukuza palepale, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Tukachagua kamati mpya, watu waaminifu, mmoja wao alikuwa mwadhini. Haikupita muda sukari ikaanza kutokea nyuma tena.

Alikuja nyumbani kwetu adhuhuri moja, Jumatatu, nimerudi kula. Hakuwahi kuja tangu mazishi ya baba. Mama akamtolea kiti, akaniangalia, akatoka uani na mchele wake, lakini mlango akauacha wazi ili asikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikaa, mikono yake mikubwa juu ya magoti. Alikuwa amekonda. "Ile nyota yako. Bado inanyonya?"

"Bado."

"Ikalipuka?"

"Inalipuka kila baada ya saa kadhaa. Inanyonya tena."

Akatikisa kichwa. "Nilikaa na jibu lako muda mrefu. Nilikuwa nakuona huna nidhamu. Nikasema, mtoto huyu tumempa elimu ili aje kutukatisha tamaa." Akajisugua uso kwa kiganja. "Sasa niambie. Ukifika huko utaifanyia nini? Utaizuia?"

"Hapana. Siwezi. Nitaiangalia tu, nijue inakusanya kwa muda gani, inalipuka kwa nguvu gani."

"Uiangalie tu."

"Niijue, baba. Hatujaijua."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa fomu yangu. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imechakaa, nikaelewa kwamba alikuwa ametembea nayo. Muhuri ulikuwa umeshapigwa. Akaiweka mezani, akaipapasa iwe bapa.

"Kaijue," akasema, akainuka. Uani nikamsikia mama anamwambia asiondoke bila kula, na yeye anakataa, na mama anamwambia hilo si ombi.

Nilifika Uingereza wakati wa baridi, na chombo kilikuwa mwishoni mwa maisha yake. Watu niliowakuta walikiongelea kama mnavyomwongelea mgonjwa wa nyumbani, leo amekula, leo hakuamka. Kazi yangu ilikuwa chumbani, mbele ya karatasi ndefu zilizotoka kwenye mashine, zina mstari unaopanda na kushuka kufuatana na eksirei zilizopokelewa. Mwalimu wangu wa huko, mama mmoja mwenye sauti ndogo na subira kubwa, alinifundisha kwanza kutoamini. Mstari ukiruka, usishangilie. Inawezekana chombo kimepita sehemu fulani juu ya bahari ambako chembe nyingi za umeme zimenaswa, kikapiga kelele bure. Inawezekana jua limechafuka. Siku baada ya siku nilitia alama kelele za bure. Nilikula viazi, nikavaa koti ndani ya nyumba, nikamkumbuka mama, na mara moja nililia kwa ajili ya dagaa.

Halafu ikaja. Ilikuwa asubuhi, nina kikombe cha chai mkononi. Mstari ulikuwa umelala, mtulivu, kisha ukasimama wima, ukapanda mpaka karibu na ukingo wa karatasi, ukaanza kuteremka taratibu, laini, mfano wa paa la banda linaloteremkia upande mmoja. Nikaweka kikombe chini. Nikaangalia chombo kilikuwa wapi wakati ule: hakikuwa juu ya bahari ile. Nikaangalia jua: lilikuwa limetulia. Kilikuwa kimeelekea katikati ya mji mkubwa wa nyota, kule zinakojazana, na kitu kimoja huko kilikuwa kimeungua usoni.

Sikumwita mtu. Nilitaka kwanza nione kama itarudi. Mizunguko iliyofuata niliipitia mmoja mmoja. Kimya. Kimya. Mpaka baada ya chakula cha mchana nikafungua karatasi nyingine, na pale kilima kilikuwa kimesimama tena, wima upande mmoja, mteremko upande mwingine, kana kwamba hakikuwahi kuondoka.

"Bado inanyonya," nikasema kwa sauti.

Mwalimu wangu akaja akauliza nimesema lugha gani. Nikamwambia, nikamwonyesha. Aliinama juu ya karatasi muda mrefu, akapima hapa na pale, kisha akanishika bega, akaenda kuwaita wengine. Nilifurahi. Nilijiona kama nimeiona nikiwa nimesimama na matope ya mtaro miguuni, mbele ya mabenchi yale, na sikuwa na deni la uongo kwa nyota wala kwa mtu.

Tuliipata mara kadhaa zaidi. Kisha chombo kikashindwa kujigeuza, na siku moja tukaambiwa kimeshuka na kuungua hewani, ndani ya kile kisima kilicho juu yetu sote. Chumbani watu wakakunja karatasi zao. Mimi nilikwenda kutembea nje kwenye baridi mpaka nikachoka.

Niliporudi Tandika nilikuta mwenyekiti ni mwingine. Yule wangu walikuwa wamemng'oa, kwa kura, baada ya kufukuza kamati ya duka mara nyingine tena. Alikuwa amejipatia maadui wengi kwa sababu ya sukari. Jumapili nikaenda mkutanoni. Ni desturi aliyetumwa na tawi arudi kutoa taarifa, nami nikatoa, kwa ufupi, watu wamechoka na wana njaa. Yule mama wa mihogo akauliza kama chombo kimeanguka, nikasema kimeanguka, akasema pole, na wengine wakasema pole, kwa dhati kabisa.

Ajenda zikapita. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, halina kamati, hakuna aliyetaka kuingia. Mwenyekiti mpya akauliza mara mbili, watu wakaangalia miguu yao. Akasema basi tuendelee, mengineyo.

Kwenye benchi la nyuma mkono ukanyooshwa. Alikuwa mwenyekiti wa zamani. Alisimama kwa kushikilia bega la balozi wetu, mchonga vinyago, na sauti yake ilikuwa imepungua lakini bado haikuhitaji kipaza sauti.

"Ndugu Mwenyekiti, nina swali kwa Mwalimu. Niliwahi kumuuliza hapa hapa, sikumwachia ajibu vizuri. Ile nyota, ikishalipuka, hufa?"

Nikasimama.

"Haifi, baba. Nimeiona mwenyewe. Inaanza tena."

"Mmesikia," akawaambia watu. "Inaanza tena." Akatazama ukumbi wote, benchi kwa benchi. "Basi na sie tuanze tena."

Akakaa. Mwenyekiti mpya akakohoa, akarudi kwenye suala la duka, akauliza kwa mara ya tatu nani ataingia kwenye kamati. Nikanyoosha mkono.